Kitanzi, Soketi na Mteja: Maelezo ya Diski za Faili kwa Mfano wa Lodwar na Kakuma

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo moja la ndani ya kompyuta ambalo majina yake humpotosha mwanafunzi kuliko ugumu wake wenyewe. Mfano wetu unatoka Turkana. Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana tangu mwaka 2017. Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi, kuna kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko Mturkana, Msudani Kusini, Msomali na Mkongomani aliyesomeshwa kwa Kifaransa huweza kuketi mbele ya kompyuta moja, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Istilahi ikiwa mbovu, hakuna lugha nyingine ya karibu ya kuisahihisha.

Tuchukulie kwamba maktaba ya vitabu na sauti za Kiturkana imetayarishwa Lodwar ikawekwa yote katika faili moja, ambalo ni nakala kamili ya diski, kisha ikapelekwa Kakuma ili isomwe pasipo intaneti. Mfumo wa Linux unaweza kulifanya faili hilo lionekane kama diski halisi iliyochomekwa. Kwa desturi mafaili hukaa ndani ya diski. Hapa diski inakaa ndani ya faili, na faili lenyewe limo katika diski nyingine. Ombi la kusoma ukurasa hushuka mpaka kwenye kifaa kinachojifanya diski, na badala ya kukoma hapo hurudi juu na kuingia tena katika mafaili. Mrejeo huo ndio uliokipa kifaa jina lake la Kiingereza, na kwenye Linux huandikwa /dev/loop0, /dev/loop1 na kuendelea.

Baadhi yetu tumekiita kifaa hiki «kitanzi». Sikubaliani nao. Kitanzi ni duara la kamba la kunasia au kunyongea, na tayari walimu wa programu wamekwisha kulitumia neno hilo kwa maagizo yanayorudiwarudiwa. Tena liko jambo la tatu, anwani 127.0.0.1, ambayo kompyuta hujipelekea ujumbe yenyewe, nayo pia imeitwa kitanzi. Mwanafunzi atadhani mambo matatu ni moja. Napendekeza «diski ya faili» kwa kifaa chetu, «anwani ya kujirejea» kwa ile ya mtandao, na kitanzi kibakie kwa maagizo. Jina na lieleze kazi. Umbo la neno la Kiingereza halituhusu.

Sasa tuangalie uendeshaji. Kuunganisha faili na kifaa ni haki ya msimamizi mkuu wa mfumo. Kumpa kila msomaji nywila ya msimamizi ni sawa na kumpa ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu anataka kuchota maji ya mtungi mmoja. Ndipo inapoingia seva: programu moja yenye haki hizo, inayongoja maombi machache tu inayoyafahamu, yaani kuunganisha, kuorodhesha na kuachia. Msomaji huendesha programu nyingine isiyo na haki yoyote ya pekee, nayo hupeleka ombi kwa njia ya soketi.

Soketi kwa watu wengi ni ile ya umeme ukutani, na mlinganisho huo haudhuru, mradi ikumbukwe kwamba hapa maneno hupita pande zote mbili. Zilienea kutokana na mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Kwa kazi yetu inafaa soketi ya ndani ya mashine, si ya mtandao, kwa maana kiini cha Linux chenyewe huiambia seva nambari ya mtumiaji aliyebisha hodi, na nambari hiyo haighushiki kwa maneno matupu. Kadhalika, ni salama zaidi mwombaji alifungue faili mwenyewe na kulikabidhi likiwa wazi kupitia soketi hiyo. Akitaja jina tu, seva yenye uwezo wote inaweza kumfungulia faili asiloruhusiwa hata kuliona.

Hatari nyingine ni ya kugombea. Tangu Linux 3.1, mwaka 2011, upo mlango uitwao /dev/loop-control unaotoa nambari ya kifaa kilicho huru. Lakini kupewa nambari si kukimiliki kifaa. Programu mbili zaweza kupewa nambari ileile, na itakayochelewa itajibiwa kwamba kifaa kina shughuli. Seva inayoshughulikia ombi mojamoja huondoa ugomvi huo baina ya wateja wake. Kwa programu za nje hapana budi iwe tayari kujaribu tena.

Ama neno «mteja», limezoeleka na kamusi zinalitambua. Hata hivyo, nchini Kenya sauti ya mashine ya simu imelipa maana mpya: mtu «akiwa mteja», hapatikani. Kuna waliopendelea «mwombaji», lakini Kakuma mwombaji ni kwanza mtu anayeomba hifadhi, na sioni busara ya kulichezea neno hilo darasani. Nabaki na mteja. Na kwa bahati, ule utani wa simu unafundisha. Umeme ukikatika kwenye meza ya msomaji, au programu yake ikifa, mteja hapatikani kweli. Katika soketi ya ndani, programu ikifa kiini huufunga upande wake, na seva iliyoandikwa vyema huuona mwisho huo, ikaondoa diski ya faili kwenye orodha na kukiachia kifaa. Umeme wa mashine nzima ukikatika hakuna cha kuachia, kwani miunganisho yote hupotea. Ikiwa meza iko mbali na imeunganishwa kwa mtandao, ukimya hauthibitishi lolote; seva haina budi kuweka muda, na kila baada ya muda huo kumwita mteja wake aitike.