Kompyuta Yako, Ufunguo kwa Nani?

Iko hasara inayompata mtu ambaye hakuibiwa, hakushambuliwa na virusi, wala diski yake haikuharibika. Anawasha kompyuta asubuhi, nayo inamtolea skrini ya buluu ikimtaka aandike ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48, katika mafungu manane ya tarakimu sita sita. Hajawahi kuziona. Hakumbuki kufunga chochote. Tasnifu, hesabu za duka, picha za wazazi waliokwisha kufariki, vyote vimo humo humo vikiwa salama, ila havisomeki. Wengi humlaumu kwa uzembe. Mimi nasema kosa la msingi si lake, wala si la teknolojia ya kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo. Kosa liko katika utaratibu unaoifunga mali ya mtu bila kuhakikisha kwamba ufunguo umefika mkononi mwake.

Programu inayosimba diski hivyo, BitLocker, ilikuja na Windows Vista mwaka 2007, na kwa muda mrefu ilikuwa nyenzo ya maofisi: msimamizi aliiwasha kwa makusudi na kuweka kumbukumbu ya funguo. Hali imebadilika. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, kompyuta nyingi zaidi, hata za nyumbani, hujifunga zenyewe Windows inaposakinishwa upya na mtumiaji akaingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Siku za kawaida, chipu ya usalama iitwayo TPM hukagua hatua za kuwaka kwa mashine, ikiridhika huifungua diski kimya kimya. Ndiyo sababu mtu hutumia kompyuta miaka mitatu asijue kwamba imefungwa. Likitokea badiliko, kwa mfano BIOS (programu inayoiwasha mashine) imesasishwa au bodi kuu imebadilishwa, mashine hukataa kufunguka na kudai ufunguo wa kurejesha.

Hapo wengi hukimbilia kwa fundi, na fundi mkweli hana zaidi ya kuifomati diski. Kuitoa na kuichomeka kwenye mashine nyingine hakusaidii, kwa sababu data yenyewe ndiyo iliyogeuzwa. Hata ufunguo mfupi wa biti 128 una michanganyiko ambayo kompyuta yenye kujaribu trilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka bilioni kumi mara bilioni moja kuimaliza. Anayeahidi kuifungua diski hiyo kwa malipo ya awali, bila ufunguo wala neno la siri, anakuuzia tumaini ambalo hana.

Na si lazima mwenye mashine aguse kitu ndipo skrini hiyo itokee. Sasisho la Windows la Julai 2024 liliwafikisha baadhi ya watumiaji hapo, na Microsoft ikalirekebisha Agosti. Mei 2025 jambo kama hilo likatokea kwenye baadhi ya kompyuta za Windows 10. Kati ya matukio hayo yote, linalofundisha zaidi ni la tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Tiba ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini kwenye mashine zilizosimbwa haikuwezekana kulifikia bila ufunguo wa kila mashine, na baadhi ya wasimamizi walikuwa wamehifadhi funguo kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Ikiwa watu wenye ujuzi na bajeti walikwama hivyo, mwalimu au mwenye duka la dawa tunamdai nini?

Nitajibiwa kwamba ufunguo upo kwenye akaunti, mtu aingie tu auchukue. Akaunti ya nani? Aliyenunua laptopu iliyotumika, iliyoandaliwa na muuzaji kwa akaunti yake mwenyewe, ufunguo wake uko kwa muuzaji. Aliyefunguliwa akaunti na fundi ili mashine iwake haraka huenda hajui hata barua pepe iliyotumika. Mwingine anaijua, ila namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini aliyoipoteza zamani. Na kuna la kuudhi zaidi: Januari 2026 jarida la Forbes liliripoti kwamba Microsoft iliwapa wapelelezi wa Marekani, FBI, funguo za kompyuta tatu katika uchunguzi wa ulaghai kisiwani Guam. Kampuni ilikuwa inatii amri halali, sina ugomvi na hilo. Lakini haifai ufunguo wa mtu uwe na mahali pa uhakika kwa kampuni na kwa dola, huku yeye mwenyewe hajui kwamba upo.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wizi. Laptopu huibiwa kila siku, na bila usimbaji mwizi husoma kila kitu. Nakubali kabisa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za ulinzi, na hospitali inayobeba majalada ya wagonjwa kwenye diski iliyo wazi inawakosea wagonjwa hao. Ndiyo maana sitaki kufuli liondolewe. Nataka mashine, kabla ya kujifunga, imwonyeshe mwenyewe tarakimu zake kwa lugha anayoielewa, imwambie aziandike, kisha imtake arudishe fungu moja au mawili kuthibitisha kwamba anazo. Ni kazi ya dakika tano. Watasema itawachosha wanunuzi. Wachoke dakika hizo, kuliko kupoteza kazi ya miaka. Nakala ya pili ya mafaili ni wajibu wetu, sikatai, lakini haimwondolei mtengenezaji wajibu wake.

Mpaka watengenezaji wafanye hivyo, ukague leo mpangilio wa usimbaji kwenye Windows yako. Ukikuta umewashwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, unakili tarakimu zote 48 pamoja na kitambulisho cha ufunguo, uziweke kwenye karatasi mbali na kompyuta. Na unaponunua iliyotumika, usitoe pesa kabla muuzaji hajaifuta na kuisakinisha upya kwa akaunti yako mwenyewe, mbele ya macho yako.