Desturi za Watunzi wa Linux

Watunzi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, wametawanyika duniani kote, na wengi wao hawajawahi kuonana. Hata hivyo wana miiko, na anayeivunja hujulikana upesi.

Linus Torvalds alianza kazi hii Helsinki mwaka 1991. Mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GPL, yenye sharti moja zito: chukua, badilisha, hata uuze, lakini ukimpa mtu programu uliyoitoa kwenye kazi yetu, mpe na msimbo wake kwa masharti hayo hayo. Tangu 2004 kila anayeleta badiliko hutia jina lake chini yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kulitoa. Kerneli nayo ikipakiwa moduli iliyofungwa, yaani isiyotolewa msimbo wake, hujiwekea alama kwamba imechafuliwa, na mwenye mashine hiyo akileta malalamiko, watunzi wengi hawayashughulikii.

Kinachotamaniwa zaidi na watu wa nje ni viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine. Kuviandika upya ni kazi ya miaka, na Linux inavyo kwa maelfu. Kampuni ya VMware ilitumia viendeshi vya Linux katika mfumo wake uliofungwa, ESXi, kupitia tabaka la kati liitwalo vmklinux. Mwaka 2015 Christoph Hellwig, mmoja wa watunzi wakongwe, aliishtaki huko Hamburg. Alishindwa mwaka 2016, na rufaa ikakataliwa 2019, kwa sababu hakuonyesha kwa kiwango kilichotakiwa ni sehemu zipi hasa zilikuwa zake. Swali lenyewe, kama tabaka la kati linatosha kuitenganisha kazi ya umma na mali ya kampuni, halikujibiwa. Nasikitika, maana kwangu tabaka la namna hiyo halimwondolei mtu deni.

Hata bila mahakama, kuchukua kuna gharama yake. Watunzi wa Linux hawaahidi kwamba miingiliano ya ndani ya kerneli itabaki ilivyo. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na anayebadilisha mwingiliano hurekebisha viendeshi vyote vilivyomo ndani. Kiendeshi kilichohamishwa nje hakina wa kukirekebisha ila aliyekihamisha. Tena kilizoea kufuli, kumbukumbu na ratiba za Linux, kwa hiyo tabaka la kati halina budi kuviigiza vyote.

Upande wa BSD, ukoo mwingine wa mifumo yenye msimbo wazi ambamo OpenBSD imo, masharti ni mepesi: msimbo waweza kufungiwa ndani ya bidhaa, mradi tangazo la hakimiliki libaki. Lakini hata huko heshima inadaiwa. Mwaka 2007, baadhi ya watu wa Linux walipotaka kubandika GPL mahali pa leseni ya kiendeshi cha Atheros kilichotoka OpenBSD, wenyeji walikasirika, na walikuwa na haki.

Wanaodhani jamii hii hupenda kesi hawaijui. Mwaka 2017 watunzi wengi wa kerneli walitangaza kwamba mkosaji wa mara ya kwanza akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu aarifiwe, haki yake chini ya GPL hurudi. Basi mhandisi, soma mstari wa leseni ulio juu ya faili kabla ya kunakili hata neno moja, na ukipokea barua ya watunzi, ijibu.