Usiteremshe Injini Kisimani



Huenda umekwisha kuona jambo hili katika skimu yenu. Kikundi kimenunua pampu ndogo ya petroli kwa fedha nyingi. Mwezi wa kwanza inatoa maji vizuri. Kisha kiangazi kinakaza, maji ya kisima yanashuka, na pampu inanguruma bila kutoa hata tone. Ndipo mtu mmoja asemapo: "Tuiteremshe chini, iwe karibu na maji." Ukisikia neno hilo lizuie upesi, maana limekwisha kuua watu.

Kwa nini pampu hukataa

Pampu iliyo juu ya kisima haivuti maji kama wewe uvutavyo debe kwa kamba. Kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, hata pampu ikiwa kamili kabisa. Kwa pampu zetu za kawaida hesabu mita 7 tu. Kununua injini yenye nguvu zaidi hakubadili jambo hili. Pampu za kukanyaga kwa miguu, zilizoanza kuuzwa Kenya katika miaka ya 1990, zina mpaka uo huo.

Hewa ya sumu

Injini hutoa moshi wenye hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ndani ya shimo haina pa kwenda. Mtu huumwa kichwa, hulegea miguu, huanguka. Mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Hata injini ikizimwa, sumu hukaa shimoni. Wala usidanganyike na taa. Taa ikizimika yaonyesha kwamba hewa safi imepungua, lakini ikiendelea kuwaka si ushahidi kwamba sumu hii haipo. Mtu akianguka, usimfuate. Ita watu, naye avutwe kwa kamba kutoka juu kama alifungwa kamba kabla ya kushuka. Kwa hiyo asishuke mtu kisimani asiyefungwa kamba, kwa kazi yo yote ile.

Pampu ya kamba

Basi tufanyeje maji yakiwa chini ya mita 7? Dawa ni pampu inayoyabeba maji kutoka chini, badala ya kuyanyonya kutoka juu. Mojawapo ni pampu ya kamba, ambayo fundi wa kijijini aweza kuitengeneza. Asili yake ni ya zamani sana, huko China. Katika miaka ya 1980 watu wa Nikaragua waliifanya upya kwa plastiki na matairi ya magari, ikaenea nchi nyingi. Jirani zetu wa Njombe, Tanzania, wana mafundi waliofundishwa kuijenga.

Inavyofanya kazi ni rahisi kufahamu. Kamba iliyounganishwa ncha kwa ncha ina visahani vya mpira au plastiki. Inashuka kisimani, inageuka chini, na kupanda ndani ya bomba. Kila kisahani kinapandisha maji yaliyo juu yake.

Fuata hatua hizi:

1. Tafuta tairi kuukuu la gari. Kata kingo zake mbili, zile zinazokaa kwenye ringi. Zifunge mgongo kwa mgongo juu ya vyuma vya gurudumu ili zifanye mfereji wa kushika kamba. Weka mhimili wa chuma wenye mkono wa kuzungushia.

2. Nunua kamba ya nailoni ya unene wa milimita 5 au 6. Kamba ya katani itaoza majini.

3. Tengeneza visahani vyote kwa kipimo kimoja. Kila kimoja kipite ndani ya bomba bila kukwaruza, lakini nafasi ibaki ndogo sana. Kifunge kwa fundo juu na chini, na kati ya kisahani na kisahani iwe mita 1.

4. Bomba la plastiki la inchi 1 lafaa kwa kisima cha mita 10 hivi. Kisima kikizidi kina, bomba liwe jembamba zaidi, maana uzito wa maji huzidi. Juu, unganisha bomba pana zaidi ili maji yapate kutoka kando.

5. Chini, kamba igeuke juu ya kitu laini. Chupa ya soda iliyoshikwa ndani ya kipande cha simiti yafaa sana, kwa kuwa kioo hakiikwaruzi kamba.

6. Funika kisima kwa zege, na maji yanayomwagika yaelekezwe mbali. Weka kizuizi ili gurudumu lisirudi nyuma kwa ghafula na kumpiga mtu mkono.

Tia mafuta kwenye mhimili, na ubadilishe kamba kabla haijakatika.

Hesabu ya maji

Mtu mzima mwenye nguvu aweza kupandisha lita 40 hivi kwa dakika kutoka mita 10. Kutoka mita 20 atapata nusu yake. Sasa pima bustani yako. Katika jua la Turkana, hesabu milimita 7 za maji kwa siku. Kitalu cha mita 10 kwa mita 10 kitataka lita 700, yaani dakika 18 za kuzungusha. Lakini ekari nzima itataka lita 28,000, nazo ni saa 12 za kuzungusha bila kupumzika! Basi pampu hii ni ya mboga, mifugo michache na nyumba. Kwa ekari nzima, kikundi kitafute pampu ya kuzamishwa, kama zile za nguvu ya jua, ambayo husukuma maji kutoka chini.

Injini ikifa

Kama maji yako hayapiti mita 7 na injini imekufa, si lazima kuitupa pampu. Injini nyingine yaweza kufungwa kwa mkanda. Kwanza soma kibati cha kila mashine. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na pampu ikitaka 1,500, puli ya pampu iwe na upana mara 2 ya puli ya injini. Usiharakishe pampu ya mzunguko kupita kiasi, maana ukiizungusha kwa mwendo mara 2 hutaka nguvu mara 8. Hakikisha inazunguka upande wa mshale, na mkanda ufunikwe.

Kwa ninyi wa Kataboi

Ninyi mlio Kataboi mnaona maji mengi kila asubuhi, lakini ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu na magadi hubaki. Ukimwagilia shamba kwa maji hayo, udongo utaharibika. Floridi iliyomo huharibu meno na mifupa ya watoto. Chimbeni kando ya laga, na maji ya kisima yapimwe kabla ya kutumia fedha kwa pampu.

Upepo wenu nao ni mali. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo iliyozinduliwa mwaka 2019 hutoa umeme. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, misheni moja kando ya mto Omo nchini Ethiopia, kaskazini mwa ziwa, ilijenga vinu vya matanga ya nguo vya kupandisha maji ya mto hadi bustanini. Upepo ukizidi, nguo huviringishwa kwenye miti yake, kama mvuvi afanyavyo na tanga lake. Fundi anayejua chuma na mtu anayejua kushona wakishirikiana, kazi hiyo haiwashindi.

Anza na jambo dogo. Kabla ya kununua kitu cho chote, funga jiwe kwenye kamba, pima kina cha maji yako mwisho wa kiangazi, uandike. Kipimo hicho ndicho kitakachokuambia pampu gani yakufaa. Mpelekee Bwana au Bibi Shamba wako, mshauriane. Na injini, po pote itakapofungwa, ibaki juu penye upepo.