Dakika za Lala Salama: Kinda Afunge au Atulie?

Mkwaja ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Huko, kama ilivyo kote Tanga, kipenga cha mwisho hakimalizi mechi. Watu wakitoka kibanda umiza huendelea nayo barazani, na ubishi mara nyingi hufikia mahali pamoja: dakika za lala salama, yule kinda alipopata mpira, alipaswa kufanya nini? Wakubwa humlaumu kwa pupa. Vijana humtetea kwamba mshambuliaji kazi yake ni kufunga, na ulinzi una wenyewe.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinambishania mtu asiyehusika. Anachofanya mchezaji chipukizi dakika ya 88 huwa kimeshaamuliwa siku nyingi nyuma, kwenye uwanja wa mazoezi, na kocha aliyemfundisha au aliyeacha kumfundisha hesabu ya mechi. Hesabu hiyo haina ugumu wowote. Ina mambo matatu: matokeo yalivyo sasa, muda uliobaki, na kanuni za mashindano. Mambo hayo yakiwekwa pamoja, mtu hujua bao moja linanunua nini na kosa moja linagharimu nini.

Tuanze nyumbani. Tarehe 2 Julai 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Coastal Union ya Tanga walicheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Yanga walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu bila kupoteza mechi hata moja. Coastal, yaani Wagosi wa Kaya, ambao ubingwa wao wa ligi ni wa mwaka 1988, walikuwa chini ya Juma Mgunda, mwana wa Tanga aliyewahi kuichezea klabu hiyo hiyo. Wachache nje ya Tanga waliwapa nafasi.

Abdul Suleiman “Sopu” wa Coastal alifunga mapema kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Feisal Salum akasawazisha, kisha Heritier Makambo akaiweka Yanga mbele zikiwa zimebaki dakika chache. Hapo wengi walidhani kazi imekwisha. Sopu akarudi tena mwishoni kabisa na kufanya mabao 2-2, mechi ikaingia muda wa nyongeza. Katika dakika 15 za kwanza za nyongeza akafunga la tatu. Kijana mmoja, mabao matatu, dhidi ya timu ambayo ligi nzima ilishindwa kuifunga msimu ule. Dakika 15 za pili Denis Nkane wa Yanga, naye kijana aliyekuwa amesajiliwa msimu huo huo kutoka Biashara United ya Mara, akasawazisha. Ikawa 3-3, na kwenye mikwaju ya penalti Yanga wakashinda 4-1.

Tangu siku ile watu wa Tanga wanauliza: tulikosea wapi? Wapo wanaosema timu ilirudi nyuma mno baada ya bao la tatu. Wapo wanaosema ilipaswa kutafuta la nne. Kabla ya kuchagua upande, tulipime bao lile la tatu kwa yale mambo matatu.

Matokeo yalikuwa 3-2. Muda uliobaki haukuwa dakika tatu wala nne. Ulikuwa zaidi ya dakika 15, tena kwa wachezaji waliokwisha kukimbia dakika 90. Kanuni ilikuwa ya fainali ya mechi moja, kwamba sare ya dakika 120 inapelekwa kwenye penalti. Kwa Coastal, kwa hiyo, bao la nne lingekaribia kumaliza kazi, wakati bao moja la Yanga lisingewaua papo hapo, bali lingewapeleka kwenye mikwaju, mahali ambapo ubora wa miguu huchanganyika na uimara wa moyo. Hesabu ya namna hiyo haisemi “shambulieni wote”, wala haisemi “jazaneni kwenye boksi”. Inasema mpira ukae mbali na lango letu kwa muda mrefu iwezekanavyo, kwa watu wachache wasiochoka, huku umbo la ulinzi likibaki zima. Timu inayoongoza kwa bao moja ikiwa na robo saa mbele yake bado inauhitaji mpira. Ikiutupa tu mbele, utarudi, na kila urejeapo hukuta miguu iliyochoka zaidi.

Hapo ndipo kinda anapoingia. Katika dakika kama zile mshambuliaji ndiye beki wa kwanza. Akiupokea mpira pembeni akaulinda karibu na kibendera cha kona, akapata mpira wa kurusha au faulo, amewapa wenzake nafasi ya kuvuta pumzi na kupanda mstari. Akipiga shuti la mbali lisilo na matumaini, kipa wa wapinzani anaanzisha shambulio wakati mabeki wetu bado wanainama kushika magoti. Mashabiki watalipigia makofi lile shuti kwa sababu ni la kishujaa, na faulo ya pembeni hawataikumbuka hata kidogo. Kijana husikiliza makofi. Asipofundishwa vingine, atachagua kinachoshangiliwa.

Mfano wa pili unaifunua nguvu ya jambo la tatu, yaani kanuni. Tarehe 28 Mei 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Yanga walicheza na USM Alger ya Algeria mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Waalgeria walitangulia kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha, na uwanja mzima ukasimama. Hazikupita dakika tatu, Islam Merili akafunga, ikaisha 2-1 kwa wageni. Tarehe 3 Juni, huko Algiers, Djuma Shaban alifunga penalti mapema na Yanga wakashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini.

Angalia uzito wa zile dakika chache baada ya bao la Mayele. Kama mechi ya kwanza ingeisha 1-1, ushindi ule ule wa 1-0 wa Algiers ungeifanya Yanga bingwa wa Kombe la Shirikisho Afrika. Baada ya bao la Merili, ushindi wa 1-0 haukutosha tena. Hata 2-1 ungeziacha timu sawa kwa kila kitu. Walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili, au kwa bao moja lakini kwa 3-2 na kuendelea. Penalti ya Djuma Shaban ilipigwa vizuri na ikaingia, ila thamani yake ilikuwa imeshapungua siku sita kabla, mbele ya mashabiki wake mwenyewe.

Je, Yanga walikosea kutamani bao la pili dakika ya 83? Haki itendeke: tamaa yao ilikuwa na msingi. Wangeshinda 2-1 nyumbani, sare yoyote Algiers ingewatosha. Kwa hiyo faida ya kusonga mbele ilikuwa kubwa, na hatari ya kufungwa ilikuwa kubwa pia, kwa sababu bao la mgeni lilikuwa na uzito wa ziada. Pale ambapo faida na hatari zinakaribiana hivi, kinachohitajika ni kushambulia kwa watu wanaojulikana na kuwaacha nyuma wanaojulikana. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu mmoja katikati ya kelele za watu elfu kwa elfu. Unatakiwa uwe umefanyiwa mazoezi, ili nahodha akionyesha ishara moja wote kumi waelewe. Ulaya, UEFA iliifuta kanuni ya bao la ugenini mwaka 2021, na pengine ndiyo maana wengi wetu tunaotazama ligi zao kila wiki tunaisahau. Fainali ile ilitukumbusha kwa uchungu kwamba kocha wa Afrika anayeisahau anajihatarisha.

Kuna imani moja barazani ambayo lazima niipinge, kwa sababu inatupotosha. Watu husema timu ikifunga tu, ndipo inapofungwa kirahisi zaidi. Bao la Merili linaonekana kuwathibitisha. Lakini Chris Anderson na David Sally, waandishi wa kitabu The Numbers Game cha mwaka 2013, waliijadili imani hii kwa takwimu na kuonyesha kwamba haina mashiko. Tunaikumbuka kwa sababu bao linalofuata bao linauma, na yale mamia ya mara ambazo timu ilifunga na hakuna kilichotokea hatuyahesabu. Hii ni habari njema kwa kocha. Kama kufungwa baada ya kufunga kungekuwa kudra, tusingekuwa na la kufanya. Kwa kuwa ni jambo la mpangilio, linafundishika.

Marekani wana mchezo wao wa mpira unaobebwa mikononi, na wenyewe wameifikisha hesabu hii mbali kuliko sisi. Kule mchezaji akivuka mstari wa mwisho na mpira anapata pointi 6, na mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya nguzo ni pointi 3. Timu iliyofunga huupeleka mpira kwa wapinzani. Kwa hiyo upo wakati ambapo kufunga haraka kunaumiza. Oktoba 2020, Todd Gurley wa Atlanta Falcons alikuwa na mpira karibu na mstari, timu yake ikiwa nyuma 16-14 na ikibaki dakika moja na ushei. Falcons walihitaji tu kumaliza muda kisha wapige mpira wa pointi 3. Gurley alijaribu kusimama, mwili ukamponyoka, akaangukia ndani. Falcons, pamoja na pointi za nyongeza zinazofuata kufunga, wakaongoza 22-16, Detroit Lions wakapata mpira na muda wa kutosha, wakashinda 23-22. Februari 2023, katika fainali kuu ya ligi yao, Jerick McKinnon wa Kansas City Chiefs aliona njia nyeupe mbele yake, akajiangusha mwenyewe kabla ya mstari. Wenzake wakala muda, wakapiga mpira wa pointi 3, wakashinda 38-35.

Katika soka letu bao halidhuru namna hiyo, na hakuna anayemwomba kijana wa Coastal ajiangushe mbele ya lango tupu. La kujifunza ni jingine. McKinnon alikataa sifa yake binafsi kwa sababu alijua timu inahitaji nini sekunde ile, na alijua kwa sababu alifundishwa. Gurley naye alijua, ila hakuweza kusimama, ingawa alikuwa mkongwe wa miaka kadhaa kwenye ligi. Ikiwa mkongwe anashindwa huku anajua, kinda asiyeambiwa chochote tunamdai nini?

Mchezaji mpya wa ligi ana mizigo mitatu ambayo mkongwe keshaitua. Anataka kuthibitisha kwamba anastahili namba, hivyo kila mpira kwake ni usaili. Hajui bado kugawa nguvu zake, hivyo dakika ya 80 mapafu yanamwamulia kabla ya akili. Na hana ujasiri wa kumwambia mchezaji mkubwa “tulia, tuupige pembeni”. Mvuvi wa Mkwaja haachi kijana wa safari ya kwanza aamue peke yake saa ya kugeuza ngalawa. Humkalisha karibu, humwonyesha upepo, humwambia kwa nini. Makocha wetu wafanye hivyo hivyo.

Na wanaweza, hata kwenye kiwanja cha shule kisicho na nyasi. Mazoezi ya jioni yakikaribia kwisha, gawa timu mbili na utangaze hali: “Wekundu mnaongoza bao moja, zimebaki dakika sita, mna mtu mmoja pungufu.” Waache wacheze. Kisha simamisha, uwaulize wachezaji wenyewe: kwa nini umepiga mbele? Nani alipaswa kubaki nyuma? Siku nyingine badili hali: mko nyuma, mko sare, sare inawatosha, sare haiwatoshi. Baada ya wiki kadhaa kinda ataanza kuuliza matokeo na muda kabla ya kuuomba mpira. Huyo amekua.

Afundishwe pia sheria, maana zinabadilika. Tangu Julai 2025, kipa akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Zamani sheria ilisema sekunde sita, adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja, na waamuzi wengi waliifumbia macho. Kipa wa mtaani aliyezoea kulalia mpira dakika za mwisho anaweza sasa kuipa timu pinzani kona ya kusawazisha. Kuulinda ushindi kwa kujiangusha na kuchelewesha kunazidi kuwa hatari, na mimi nafurahi. Mpira unalindwa kwa kuuchezea.

Sisi mashabiki nasi tuna sehemu yetu. Tukitaka vijana wa Tanga wanaojua kumaliza mechi, tuanze kushangilia mambo yanayomaliza mechi: winga aliyerudi kumsaidia beki wake, mshambuliaji aliyeshikilia mpira kwenye kona hadi akapigwa kiatu, kiungo aliyepasia nyuma kwa sababu mbele hapakuwa na mtu. Na kinda akikosea, kabla ya kulitaja jina lake tuulize benchi la ufundi lilimwandaa vipi kwa dakika ile. Sopu aliwapa Coastal mabao matatu katika fainali. Kulilinda la tatu lilikuwa deni la timu nzima, na timu yoyote inayotaka kombe ilifanyie kazi deni hilo kila wiki, kabla fainali haijafika.