Bomba Likipasuka Usiku: Unajua Koki Yako Iko Wapi?

Saa nane usiku nilisikia kama mvua inanyesha jikoni. Kuweka mguu chini, ni maji. Bomba la shaba chini ya sinki lilikuwa limepasuka kwenye kona, linarusha maji hadi ukutani.

Ninaishi SQ nyuma ya nyumba moja ya kitambo hapa Nairobi. Nyumba mpya nyingi siku hizi zinawekwa mabomba ya plastiki, lakini hii yetu bado ina shaba. Tenki ni moja, lita 1,000, tunagawana nyumba tatu. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na mgao wa maji ulikuwa urudi Alhamisi. Jirani yangu ana mtoto wa wiki tatu. Kila lita iliyomwagika ilikuwa yake pia.

Nilifanya nini? Nilifunga shati kwenye bomba, kisha nikafunga karatasi ya nailoni juu. Bure kabisa. Nikatoka nje na tochi ya simu kutafuta koki ya kufunga maji, sijui hata inakaa wapi. Mwisho nikabisha kwa jirani. "Iko nyuma ya tenki, kijana wangu, chini ya lile bati," akasema, mtoto begani. Kufikia hapo tenki lilikuwa limebaki nusu.

Kwa hivyo sikiza, usiwe kama mimi. Bomba likipasuka, kwanza funga koki. Maji yakikaribia soketi, zima stima kwenye swichi kuu, ila usiiguse kama umesimama majini. Halafu fungua mfereji ulio chini zaidi, maji yaliyobaki kwenye bomba yatoke. Ukitaka kusukuma hadi asubuhi, kausha bomba, kata tyubu kuukuu ya baiskeli, ivute kwa nguvu huku ukiizungusha juu ya tundu, kisha kaza na klipu mbili za hosipaipu. Hiyo si dawa, ni plasta tu.

Fundi alikuja saa mbili asubuhi, mzee mpole. Alikata kipande kilichooza, akasugua ncha kwa msasa hadi shaba ikang'aa, akapaka flaksi ili lehemu ishike. Lakini maji yalikuwa bado yanadondoka, tone kwa tone.

"Kijana, uko na mkate?"

Nikadhani anataka chai, nikaanza kutafuta majani. Kumbe! Alichukua ule ulaini mweupe wa ndani, akausukuma kwenye bomba. Akanieleza kwamba maji yakiwa ndani yanaiba moto, na shaba isiposhika moto lehemu haitashika. Mkate unazuia matone kwa dakika chache, halafu ukilowa unatoka wenyewe mfereji ukifunguliwa. Akachoma kiungio chenyewe, si lehemu. Shaba ilipopata moto wa kutosha, lehemu iliyeyuka na kunyonywa ndani. Alitumia lehemu isiyo na risasi, kwa sababu hayo maji tunakunywa.

Kama huna ujuzi wa moto, hadiwea wanauza viungio vya kukaza kwa spana, vyenye nati na pete. Hivyo havihitaji kuchomwa. Lakini bomba likiwa ndani ya ukuta au karibu na nyaya za stima, mwachie fundi.

Na mambo ya mwenye nyumba? Piga picha kabla ya kugusa kitu, mtumie, weka risiti. Wangu alilalamika kidogo, kisha akakubali nikate pesa ya fundi kwenye kodi.

Kitu kinachoniuma ni kwamba ile kona ilikuwa na alama ya kijani kwa miezi. Nilikuwa naipangusa tu kila nikiosha vyombo. Kumbe shaba ilikuwa inaliwa, na bomba lilikuwa linanipa notisi.

Chuo nilikaa mwaka mmoja na nusu, nikaacha. Somo hili nimelipata chini ya sinki, na karo nimelipa: hadi Alhamisi nilikuwa nabeba mitungi ya maji ya kununua, miwili yangu, miwili ya mama mtoto.

Koki yetu sasa nimeipaka rangi nyekundu, na nyumba zote tatu zinajua iliko. Yako je? Weka simu chini, enda uitafute kabla giza halijaingia.