Paka Anayejisaidia Ndani: Kosa Ni la Paka au la Beseni Lake?

Kwa familia nyingi za Tunduma na vijiji vya Mbozi na Momba, paka si pambo la nyumba. Mahindi yakishapukuchuliwa na kuingizwa ndani, panya nao huingia nyuma yake. Familia iliyopanga vyumba viwili pale Majengo au Sogea, na chumba kimoja kimejaa magunia, haiwezi kukaa bila paka. Usiku hufungiwa ndani pamoja na mahindi, kwa kuwa nje kuna mbwa, kuna malori, na ndani ndiko iliko kazi yake.

Kisha siku moja harufu inaanza. Paka amejisaidia uvunguni mwa kitanda, au kwenye kochi, au katika majivu ya jikoni, au, lililo baya kuliko yote, juu ya mahindi yenyewe. Fimbo inatoka. Wengine humshika paka na kumsugua pua kwenye kinyesi chake "ili akome". Hakomi. Mwishowe anatiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa mbali, ng'ambo ya reli ya TAZARA. Baada ya majuma machache panya wamerudi, na baba wa nyumba ananunua sumu ya panya na kuiweka katika chumba kile kile wanamolala watoto. Hapo familia imeondoa usumbufu na kuleta hatari.

Katika toleo hili tungependa tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana linagusa afya ya nyumba nzima, hasa ya mama mjamzito.

Paka anatafuta nini?

Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu. Inafikiriwa kwamba alianza kukaa karibu na wanadamu pale wanadamu walipoanza kuweka akiba ya nafaka na panya wakaifuata. Katika kisiwa cha Kipro, wataalamu walifukua kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Kwa hiyo kazi anayoifanya Tunduma ni kazi yake ya zamani.

Mnyama huyu amezaliwa na tabia moja: hutafuta mahali palipo pakavu, penye kitu laini kinachochimbika, achimbe, ajisaidie, afukie. Mtoto wa paka mwenye majuma manne hivi huanza kufanya hivyo mwenyewe, na mama yake hana haja ya kumfundisha sana. Sasa tazama chumba chako kwa macho yake. Sakafu ni saruji, haichimbiki. Mlango umefungwa. Kilichobaki ni majivu ya jikoni na lundo la mahindi yaliyomwagwa chini yakauke. Wewe unaona chakula cha mwaka; yeye anaona mchanga. Hana kiburi, wala hakulipizi kisasi kwa sababu jana ulimnyima dagaa. Wako pia wanaosema paka wa namna hiyo "ametumwa". Hakutumwa na mtu. Amebanwa.

Ndiyo maana fimbo haisaidii. Paka akichapwa nusu saa baada ya tendo, haunganishi fimbo na kinyesi. Anaiunganisha na wewe. Atakachojifunza ni kujificha zaidi, na utakuja kugundua nyuma ya kabati wakati wa kuhama.

Hatari iko wapi hasa?

Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kimelea kiitwacho toksoplasma. Kiligunduliwa mwaka 1908 huko Tunis, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya, lakini ilichukua zaidi ya miaka 60 kufahamika kwamba paka ndiye anayekieneza kwa kinyesi chake. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Watu wengi wenye afya njema wakiambukizwa hawajui hata kama waliugua. Pengine homa kidogo na tezi za shingo kuvimba.

Mama mjamzito ni habari nyingine. Akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kimelea kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ya ubongo. Vilevile mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kupata ugonjwa huu kichwani. Ndiyo sababu moja ya kutoacha dawa zake, ikiwa ni pamoja na septrini akiwa amepewa kliniki, kwani nayo husaidia kukizuia kimelea hiki.

Lakini tusikimbilie kumfukuza paka. Kuna mambo mawili ambayo kila familia yafaa iyajue. La kwanza, kwa kawaida paka hutoa vimelea hivi kwa majuma machache tu, mara anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa mdogo. La pili, na hili ndilo kubwa, kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vijiyai vilivyomo huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Maana yake kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari inapungua sana. Kikiachwa uvunguni juma zima, vijiyai hukomaa, na katika udongo wenye unyevu vinaweza kukaa hai miezi mingi.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba paka anayejisaidia mahali pamoja panapojulikana ni salama kuliko yule anayejificha. Na ukimtupa yule wako, paka wa jirani bado atapita kwenye bustani yako ya mchicha. Isitoshe, watu wengi huupata ugonjwa huu kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, bila kumshika paka hata siku moja.

Pamoja na toksoplasma kuna minyoo. Minyoo ya paka, ya jamii ya safura, hupenya ngozi ya mtoto anayecheza kwenye mchanga uliochafuliwa na kuacha mchoro mwekundu wa kupindapinda unaowasha sana. Kwa hiyo lile lundo la mchanga wa kujengea, ambalo Tunduma liko mbele ya kila nyumba ya tatu, lifunikwe kwa turubai. Kwa watoto ni uwanja wa michezo, na kwa paka wa mtaa mzima ni choo.

Beseni la mchanga

Dawa ya kwanza ni kumpa paka choo kinachomfaa. Wamarekani leo hununua udongo maalumu dukani kwa kazi hii, lakini hata wao walitumia majivu na mchanga mpaka mwaka 1947, Edward Lowe wa Michigan alipompa jirani yake chembechembe za udongo mkavu wa mfinyanzi na kugundua kwamba ilikuwa biashara. Sisi hatuhitaji kununua.

Chukua dumu la mafuta la lita 20, lilaze, ulikate ubavu mmoja wote, na kingo zilizokatwa uzikunje au uzisugue zisimkate mtu. Beseni kuukuu lisilovuja nalo linafaa, mradi paka aweze kugeuka ndani yake. Tia mchanga mkavu wa mtoni, kina cha vidole vitatu au vinne. Wakati wa masika, mchanga usipokauka, chukua maranda kwa fundi seremala. Majivu matupu siyapendekezi: yakilowana huchoma nyayo za paka, na hutapakaa nyumba nzima. Makaa yaliyofichika ndani yake yameshaunguza paka wengi.

Kila siku, asubuhi kwa mfano, ondoa kinyesi na mchanga uliolowana kwa kipande cha kopo, na utupe ndani ya shimo la choo. Usitupe bustanini, wala kwenye jalala wanapookota watoto. Mara moja kwa juma mwaga mchanga wote, osha chombo kwa sabuni, kisha kimwagie maji yanayochemka. Watu wengi huamini Jik inaua kila kitu. Vijiyai vya toksoplasma haviui. Maji yanayochemka ndiyo yanayoviua.

Kazi hii asiifanye mama mjamzito. Aifanye baba, au kijana mkubwa wa nyumbani, akinawa mikono kwa sabuni baadaye. Na akina baba wasiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Kwa miezi tisa, walau, si kazi yao. Kama mama hana mtu wa kumsaidia, afunike mikono kwa mfuko wa plastiki mzima usiotoboka, kama ule uliofungia mkate, na asiache kunawa.

Analikataa beseni

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotokea: "Nilimwekea, hataki." Mara nyingi sababu ni uchafu. Paka mwenye pua yake hawezi kuingia mahali ambapo hata wewe umeziba pua. Sababu ya pili ni mahali penyewe. Beseni limewekwa mlangoni watu wanapopita, au kando ya sahani yake ya chakula, au dirisha la barabarani ambako malori ya foleni ya mpakani hupiga honi usiku kucha. Lihamishie pembe tulivu, mbali na chakula, mahali ambapo watoto hawamfuati kumchungulia. Kama una paka wawili, weka vyombo viwili, na kama nafasi ipo, vitatu, kwa sababu paka mbabe huweza kumzuia mwenzake asiingie. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuruka ukingo mrefu. Mkatie upande mmoja uwe chini.

Halafu mwondolee anavyovipendelea zaidi. Mahindi yakishakauka yasikae wazi sakafuni. Yatiwe kwenye magunia, yafungwe, yapangwe juu ya chaga. Yakiwa bado yanaanikwa, yafunikwe jioni. Kama ameshachafua lundo, ondoa sehemu hiyo pamoja na mahindi mengi ya kuizunguka, ukayatupe. Usione uchungu wa kisado kimoja. Jikoni, zoa majivu kila jioni yakishapoa.

Mkojo unaorushwa ukutani ni jambo jingine kabisa. Dume huusogelea ukuta kwa nyuma, amesimama, mkia juu unatetemeka, na kurusha. Huyo hatafuti choo; anaweka mpaka wake, hasa madume wengine wakipita uani. Beseni halitamsaidia. Kumhasi husaidia kwa madume walio wengi, nayo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi. Isifanywe nyumbani kwa wembe.

Pengine ni mgonjwa

Paka aliyekuwa na adabu siku zote akibadilika ghafla, usifikirie tabia kwanza, fikiria ugonjwa. Akiharisha hawezi kuwahi beseni. Maziwa ya ng'ombe huharisha paka wengi wakubwa, ingawa wote tumekua tukiamini kuwa ndiyo chakula chao. Mpe maji safi. Minyoo nayo huharisha.

Kuna dalili moja isiyotaka kusubiri. Paka dume anaenda kwenye beseni mara kwa mara, anachuchumaa, anajikaza, analia, na kinachotoka ni tone, pengine lenye damu, au hakitoki kitu. Njia ya mkojo imeziba. Mwenyewe utadhani amefunga choo tu. Anaweza kufa katika siku mbili au tatu. Apelekwe siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo, au umuulize afisa mifugo wa kata, ambaye wengi bado tunamwita bwana mifugo, akuelekeze. Usimpe Panadol kwa hali yoyote. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka.

Kusafisha palipochafuliwa

Paka hurudi penye harufu yake. Kufagia hakutoshi. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, uache pakauke. Usimwage Jik juu ya mkojo, kwa maana vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua, na chumba cha kupanga hakina madirisha ya kutosha. Dettol nayo ni sumu kwa paka anayelamba nyayo zake. Mto wa kochi uliolowana mpaka ndani uanikwe juani siku kadhaa baada ya kuoshwa.

Mkihama nyumba, jambo la kawaida Tunduma, paka hupotewa na kila harufu aliyoizoea. Usimwachie nyumba nzima siku ya kwanza. Mfungie katika chumba kimoja chenye beseni, maji na chakula, na katika beseni hilo changanya konzi moja ya mchanga wa zamani ili alitambue. Akilitumia siku tatu nne bila kukosea, mfungulie chumba cha mahindi.