Hakuwa Nyota wa Timu, Akawa Mwalimu wa Taifa

Msomaji mpendwa, tuseme umemaliza kuanika kahawa yako, umeketi barazani hapo Nanyala, nawe wamwona mwanao akitupa mpira wa matambara ndani ya ndoo kuukuu iliyotundikwa mtini. Labda utamwita kwa ukali: "Wewe, acha mchezo, njoo uchambue maharage!" Si vibaya, kazi ya nyumbani haina budi kufanywa. Lakini kabla hujaificha ile ndoo, tulia kidogo usome habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yote amekuwa na mpira huo mkononi. Kwa kucheza hakupata sifa kubwa. Kwa kufundisha alipata heshima ya taifa zima. Jina lake ni Royal Ivey.

Huenda mchezo wenyewe huujui vizuri. Netboli waijua, maana binti zetu huicheza shuleni. Basi mpira wa kikapu ni ndugu yake. Kila upande una watu watano uwanjani. Mpira hudundwa chini kwa mkono. Na duara la chuma lenye wavu hufungwa juu, meta 3 na sentimeta 5 toka ardhini. Aliyeubuni ni mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Marekani. Wakati wa baridi kali wanafunzi wake walichoka kukaa ndani bila mchezo, naye akatundika vikapu viwili vya matunda ukumbini. Ndiyo sababu hata leo twasema kikapu. Tena likumbuke jambo hili: mchezo huu ulitoka mikononi mwa mwalimu.

Sisi Watanzania twalijua jina la Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009, timu za ligi kuu ya Marekani, iitwayo NBA, zilipokuwa zikichagua vijana wapya, yeye alikuwa wa pili kuitwa. Ni heshima ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyeipata. Royal Ivey, aliyezaliwa New York mwaka 1981, alichaguliwa mwaka 2004. Je, waweza kukisia aliitwa wa ngapi? Wa 37. Vijana 36 walitajwa mbele yake.

Alianza kazi katika mji wa Atlanta. Baadaye alihamia Milwaukee, kisha Philadelphia, kisha Oklahoma City. Mara nyingine alirudi alikotoka. Muda wa miaka kama kumi aliishi hivyo. Ukigawanya pointi zake zote kwa michezo aliyocheza, utaona kwamba kila mchezo alifunga kama pointi 3 tu, ambapo nyota wa ligi ile hufunga 25 na zaidi. Kazi yake hasa ilikuwa kumzuia mpinzani asifunge, na wakati mwingi alikuwa ameketi benchi akingoja kuitwa.

Msomaji, fikiri kidogo habari za benchi. Aketiye pale ana njia mbili. Aweza kununa, akahesabu makosa ya wenzake na kumnung'unikia mwalimu. Au aweza kutazama: huyu amekosea wapi, yule amefaulu kwa nini, na mwalimu amebadili nini hata mchezo ukageuka. Aliye uwanjani aona mpira tu. Aliye benchi aona uwanja wote. Mwaka 2014 Ivey aliacha kucheza, na mara akaanza kazi ya ukocha, si kwa cheo kikubwa, bali akiwa msaidizi katika timu ndogo ya Oklahoma City, ile ya kulelea vijana. Toka hapo alipanda ngazi moja moja: msaidizi katika timu kubwa ya mji huo, kisha New York, kisha Brooklyn, kisha Houston.

Sasa yafaa tuvuke bahari, turudi Afrika, maana huku ndiko heshima yake ilikokuwa ikimngoja.

Mwaka 1985, katika mji wa Wau, Sudan ya Kusini, alizaliwa mtoto Luol Deng. Vita ilikuwa ikiwaka, na wazazi wake wakawapeleka watoto Misri wapate kupona. Huko Misri walikutana na Manute Bol, mtu wa kabila lao la Dinka, mrefu kupita kiasi, aliyekuwa mchezaji mashuhuri huko Marekani. Bol hakuwapita watoto wale wakimbizi kana kwamba hawaoni. Aliwafundisha mpira wa kikapu. Baadaye jamaa ile ilipata hifadhi Uingereza, na Luol akaenda kusoma Marekani, katika shule moja ambayo Royal Ivey pia aliipitia. Mwaka ule ule wa 2004, Ivey alipoitwa wa 37, Deng aliitwa wa 7. Akawa nyota wa timu ya Chicago.

Deng alipoacha kucheza mwaka 2019 angeweza kukaa Ulaya ale jasho lake kwa raha. Badala yake akawa rais wa chama cha mpira wa kikapu cha Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kurudia vita kabla hata haijatimiza miaka mitatu. Akatoa fedha zake mwenyewe ili timu ya taifa isafiri, ile na ilale. Naye alipotafuta mwalimu, hakumtafuta nyota mwenziwe. Mwaka 2021 timu ilitiwa mikononi mwa Ivey.

Msomaji, pima ugumu wa kazi hiyo. Nchi nzima haikuwa na ukumbi wa kuchezea mpira wa kikapu. Wakicheza kwao walicheza uwanja wa wazi, kwenye jua na mvua. Wachezaji walikuwa wametawanyika duniani, wengi wao watoto wa wakimbizi, waliolelewa Kenya, Uganda, Marekani na Australia. Wengine hawajawahi kuonana. Mwalimu hupewa majuma machache tu kuwafanya ndugu. Hapo ndipo watu wa benchi wanapofaa, maana ajua jinsi ya kumtia moyo asiyepangwa, na jinsi ya kumwambia mwenye sifa kwamba mpira si wa mtu mmoja.

Mwaka huo huo wa 2021, huko Kigali, timu ilifika robo fainali ya mashindano ya Afrika, mara yake ya kwanza kushiriki. Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia, iliwashinda China, Ufilipino na Angola, ikawa ya kwanza kati ya timu za Afrika. Hivyo ikapata nafasi ya kwenda Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, ilicheza mchezo wa kirafiki na Marekani, waliokuwa na LeBron James na nyota wengine tele. Vijana wa Ivey waliongoza kwa pointi 16 kabla ya mapumziko. Mwisho walishindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Tena ni LeBron mwenyewe aliyewaokoa wenzake zikiwa zimebaki sekunde chache.

Siku nane baadaye, mjini Lille, waliingia uwanjani kwa mchezo wao wa kwanza wa Olimpiki. Kwa makosa ukapigwa wimbo wa taifa la Sudan, nchi waliyojitenga nayo baada ya vita ya miaka mingi. Wachezaji walisimama kimya, mkono kifuani. Watazamaji wakapiga makofi, na wimbo wao wa kweli ukapigwa. Kisha wakaishinda Puerto Rico, 90 kwa 79. Marekani na Serbia ziliwashinda baadaye, lakini dunia ilikuwa imekwisha kulisikia jina la Sudan Kusini bila neno la vita.

Kikosini alikuwamo kijana wa miaka 17, Khaman Maluach, aliyekulia Uganda. Mwaka 2019 alikuwa bado hajaugusa mchezo huu. Mtu wa pikipiki alimwona njiani, akastaajabia urefu wake, akamshauri ajaribu. Mwaka 2025 aliitwa wa 10 katika uchaguzi wa NBA. Bol alimfundisha Deng, Deng alimwita Ivey, Ivey akampanga Maluach. Hivyo ndivyo mbegu njema inavyopita mkono hata mkono.

Wajua, msomaji, mfano wa talanta aliousimulia Bwana wetu. Mara nyingi twamkumbuka aliyepewa tano, na yule mvivu aliyefukia moja. Twamsahau wa katikati, aliyepewa mbili. Lakini aliporudi na nne, Bwana wake alimsifu kwa maneno yale yale aliyomsifia wa kwanza. Hakumwuliza kwa nini hakuleta kumi.

Basi, baba na mama wa Nanyala, mwanao akiwa wa 37 darasani, usimwambie kwamba hana kitu. Mwulize ametazama nini na amejifunza nini. Tena mwulize kama yuko mdogo wake awezaye kumfundisha. Huenda hatakuwa mfungaji, atakuwa mfundishaji. Naye apate wasaa wa kucheza. Mtakatifu Yohane Bosco alipowalea vijana maskini wa Torino hakutenga sala, kazi na mchezo. Vyote vitatu vilikaa uwanja mmoja.

Na jioni, maharage yakiisha kuchambuliwa, mrudishie mtoto ndoo yake.